Tamasha Nililolirekodi Bila Kupiga Makofi

Baba alinikataza kupiga makofi. Alinikataza pia kuimba, kukohoa ovyo, kucheza hata kwa mabega, na kuongea na mtu yeyote atakayeketi kando yangu. Alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya mlango wetu, hapa Shari, pembeni mwa Bunia, mkono wa kuume umelala mapajani tangu kiharusi kilipompiga, na ule wa kushoto ukinielekeza hewani kama mwalimu wa shule. Mwalimu wa shule ni mimi. Lakini asubuhi hiyo nilikuwa mwanafunzi, tena mwanafunzi asiyeaminiwa.

"Usikae karibu na bafle," aliniambia. Bafle ni yale masanduku makubwa ya sauti. "Bafle itakula kila kitu, utaniletea kelele tu. Na usikae nyuma, kule batu banakunywa. Kaa katikati. Kunja kitenge, weka ku magoti, simu juu yake. Usiishike na mukono. Mukono inatetemeka, hata kama weye mwenyewe hauone."

"Ndiyo, papa."

"Na ukipiga makofi, ni yako peke nitasikia. Batu bote banaweza kupiga, mi nitasikia yako."

"Basi nikae kama jiwe."

"Kaa kama mutu wa matanga. Si ni ya marehemu?"

Ni kweli, lilikuwa tamasha la marehemu. Kiongozi wa orkestra ambayo baba aliipigia gitaa ujana wake wote alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akazikwa harakaharaka, wakati barabara zilikuwa mbaya na kila mtu anafikiria watoto wake. Baadaye watu wa mji wakaona aibu. Wakaamua kumwimbia ipasavyo, na nyota wote wapande jukwaani siku moja: waimbaji wakubwa wa Bunia, vijana wa rap wanaojulikana mpaka Beni, kwaya ya parokia, wapuliza tarumbeta, na mwimbaji mmoja mashuhuri ambaye angekuja kwa ndege kutoka Kisangani. Gari lenye vipaza sauti lilizunguka mitaani likitangaza majina yao. Kila lilipopita mbele ya nyumba yetu, baba aliacha kutafuna mpaka litokomee.

Hakuna aliyekuja kumwalika. Mimi hukasirika upesi, wanafunzi wangu watakuambia, na jambo hili lilinikaa kooni. Nilitaka kwenda kwa waandaaji niwaulize kama wamepotea njia ya kuja Shari. Baba ndiye aliyenituliza.

"Labda bananiwaza nilikufa," alisema. "Hawakukosea sana. Niko nusu."

Akacheka, na mate yakamtoka upande ule wa mdomo usiomtii, nami nikayafuta na ncha ya kitenge changu. Ndiyo sababu hatukuweza kumpeleka. Pikipiki haimkalishi vizuri, na ukumbi una ngazi. Lakini zaidi ya hayo, hakutaka watu waliomjua akiwa kijana mwenye kofia ya pembeni wamwone binti yake akimfuta mdomo.

Inafaa nieleze baba alipiga gitaa gani. Katika orkestra za kwetu, solo ni gitaa la mbele, lile linalopanda juu mpaka watu wanapiga mayowe. Baba hakupiga solo. Alipiga akompa, gitaa la chini yake, ambalo linarudia mchezo uleule tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, mkono wa kuume unapanda na kushuka bila kupumzika, ili wengine wapate mahali pa kukanyaga. Ukiliondoa, wimbo unaanguka. Likiwepo, hakuna anayeliangalia. Baba alikuwa akisema kwamba yeye ni chumvi ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na mgeni hushukuru kwa sombe, si kwa chumvi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimshukuru hadharani, na ndiye huyo aliyekufa. Walikuwa na wimbo wao uliopendwa kuliko nyingine zote. Ulipofika kwenye sebene, pale ambapo maneno yanaisha, magitaa yanachukua nafasi na watu wote wanainuka kucheza, kiongozi alikuwa na desturi ya kuita wanamuziki wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine: wa solo, wa besi, wa ngoma, na mwisho kabisa, wa akompa. Wimbo huo uliwahi kurekodiwa redioni na tulikuwa na kaseti yake. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nasubiri jina la baba litoke redioni kama mtu anayesubiri wali uive. Halafu vita vikaja, tukakimbia na sufuria na godoro, na tuliporudi nyumba ilikuwa wazi: kaseti hakuna, redio hakuna, gitaa hakuna. Tangu hapo jina lile lilibaki kinywani mwa kiongozi, na sasa kinywa chenyewe kilikuwa udongoni.

"Ile wimbo bataimba," baba aliniambia kabla sijaondoka. Hakunitazama, alikuwa anatazama kuku wa jirani. "Hawawezi kuacha kuimba ile. Nataka tu kusikia kama batafika mpaka ku akompa."

Nilielewa. Hakuwa na haja na nyota wa Kisangani wala tarumbeta. Alitaka kusikia jina lake likiitwa ndani ya ule wimbo mara moja tena kabla hajatuacha, na mimi ndiye niliyetumwa kumletea.

Siku hizi mambo yetu tunayafanya jua likiwa bado juu, ili kila mtu awahi kwake. Mapema mchana ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki vilikuwa vimebanana mpaka magoti ya mtu yanagusa mgongo wa mwenzake, na huko nje jenereta ilikuwa inanguruma. Nikapata nafasi katikati kabisa, mbali na bafle, mbali na wanywaji. Nikakunja kitenge, nikakiweka magotini, simu juu yake. Nikazima mtandao ili mtu asinipigie. Nikabonyeza pa kurekodia, nikanyamaza, na kwa muda mfupi nikajiona mtu wa maana sana.

Ndipo akaja mama wa karanga. Alikuwa mama mzee, mnene, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akifuatana na mdogo wake aliyefanana naye kabisa, ila mdogo alikuwa mtulivu. Mkubwa alichukua kiti kilichogusana na changu, akapumua kwa nguvu, akafungua mfuko wa karanga na kuusogeza mbele yangu.

"Kamata karanga, mama. Hizi ni za kununua ku soko. Zetu za kule kijijini Kilo zilikuwaka kubwa kuliko hizi, lakini siye tulikimbia, sasa tunakula za batu."

Nilitikisa kichwa, nikamwonyesha simu, nikaweka kidole mdomoni.

"Ah! Uko nafilme video?" aliuliza kwa sauti ambayo hata jenereta iliisikia.

Nikatikisa kichwa tena na kugusa sikio.

"Sauti tu? Sawa. Basi siye hatutaongea."

Kuanzia hapo hakufunga mdomo. Kwaya ilipoimba, alimweleza mdogo wake nani ni mtoto wa nani katika kwaya. Vijana wa rap walipopanda, aliuliza kwa nini wanagombana. Wapuliza tarumbeta walipoanza, alilia kidogo, akajifuta, akatafuna karanga. Karanga zenyewe zilikuwa kavu na zinapasuka kwa kelele. Mimi nina jicho moja ambalo darasa zima hulielewa bila neno, jicho ambalo limewahi kumkalisha hata mzazi wa mwanafunzi. Nilimtupia hilo jicho. Akanitupia tabasamu na kunisukumia karanga zaidi.

Na kweli tamasha lilikuwa zuri, hilo ndilo lililoniumiza. Kwaya ilichukua wimbo wa marehemu wa mapenzi, wakauimba polepole kama wa kanisani, sauti nne zikipandana, na ukumbi mzima ukasimama. Mimi nilikalia mikono yangu. Machozi yalikuwa yananitoka na mikono imekaliwa.

"Weye haufurahi?" mama wa karanga akaniuliza. "Ama uko mugonjwa?"

"Muache," mdogo wake akamwambia. "Labda ni mutu ya familia."

Basi mama akanipigapiga mgongoni kunifariji, na kila pigo nikajua linaingia kwenye rekodi.

Mwisho alipanda yule wa Kisangani, na gitaa la kwanza tu lilipolia, watu walijua ni wimbo gani. Ukumbi ulitoa sauti moja kubwa. Nilihakikisha simu bado inarekodi, nikaisogeza katikati ya kitenge. Aliimba vizuri, sina budi kusema, aliyaheshimu maneno. Halafu sebene ikaanza, kila mtu akainuka, na yeye akashika mikro kwa mikono miwili, akaanza kuita. Alimwita wa solo, watu wakapiga mayowe. Alimwita wa besi, ambaye alikufa zamani, watu wakashusha sauti kidogo halafu wakapiga mayowe zaidi. Alimwita wa ngoma. Moyo wangu ulikuwa unagonga mpaka nikaogopa simu itaudaka.

Akafuta jasho. Akavuta pumzi. Akaita jina la mwenye hoteli.

Desturi yetu inajulikana. Sebene ikiwa moto, mtu anakwenda mbele, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso lenye jasho, anamnong'oneza jina, na mwimbaji analiimba jina hilo. Hakuna ubaya, ndivyo wanamuziki wetu wanavyokula. Mwenye hoteli alikuwa amepeleka noti yake, ndiyo hiyo ikajibiwa. Baada yake likaitwa jina la mama anayeuza saruji. Likafuata la mheshimiwa mmoja, halafu la mwenye duka la simu, halafu la mheshimiwa tena. Watu ambao hawajawahi kushika hata waya mmoja wa gitaa walikuwa wanaimbwa ndani ya wimbo wa baba yangu, na sebene ilikuwa inakwenda ukingoni.

Nilisikia joto linanipanda kutoka miguuni. Nilimwona baba kwenye kiti chake, sikio limeegemezwa kwenye simu, anangoja, na wimbo unaisha bila yeye. Sikuweza. Nilisimama kwa nguvu mpaka kiti kikakwaruza sakafu, nikaweka kitenge juu ya kiti na simu juu ya kitenge, nikamwonyesha mama wa karanga kwa kidole: angalia hii. Nikatoa zile pesa nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya pikipiki ya kurudia, nikaenda mbele.

Huwezi kumwendea mwimbaji kwenye sebene kama unayekwenda kulipa karo. Lazima ucheze. Kwa hiyo mimi niliyekaa kama jiwe mchana kutwa nilicheza kuanzia kiti changu mpaka jukwaani, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, nikambandika nyota wa Kisangani noti zangu usoni, nikamwambia sikioni jina la baba. "Na useme ni wa akompa," nikaongeza. Aliitikia kwa kichwa bila kunitazama.

Na aliliheshimu jina lile, siwezi kumnung'unikia. Jina la baba lilitoka kwenye bafle zote, safi, kubwa, mara mbili, na mara ya tatu akalivuta mpaka pumzi ikamwishia: papa wa akompa, eee! Nililia pale mbele bila aibu. Watu walipiga mayowe, yaleyale waliyompigia mwenye hoteli.

Niliporudi, mama wa karanga alikuwa ameinama juu ya kiti changu, ameikinga simu kwa viganja viwili kama mtu anayekinga mshumaa usizimwe na upepo. Alinirudishia kwa uangalifu.

"Ile jina ni ya nani?" akaniuliza.

Nikaweka kidole mdomoni. Baba alikuwa amenikataza kuongea, na wimbo ulikuwa bado haujaisha. Akakubali kwa kichwa, akanipa karanga, nami safari hii nikazila.

Tamasha lilipofungwa, kila mtu alikimbilia mlangoni ili awahi kwake, na kitambaa cha kijani kikapotea kati ya vitambaa vingine. Nimekitafuta sana tangu siku hiyo, sokoni kwa wauza karanga, kanisani, na kwenye mahema ya watu waliokimbia kutoka Djugu, upande wa Kilo. Wakati ule sikujua kwamba nitakitafuta. Nilikuwa na furaha tu kwamba nimeachana na kelele zake.

Nilitembea kwa miguu mpaka Shari, pesa ya pikipiki ikiwa imebaki kwenye paji la uso la mtu. Simu ilizimika kabla sijafika, na umeme haukuwepo. Baba alikuwa bado amekaa mlangoni.

"Baliimba?" aliuliza.

"Baliimba, papa. Utasikia mwenyewe."

Hakuuliza zaidi. Asubuhi kulipokucha tu nilipeleka simu kwa kijana mwenye sola kwenye kona, nikakaa naye mpaka ilipojaa, kwa sababu sikutaka kuiacha hata kidogo. Niliporudi, mama yangu mdogo aliyelala kwetu alikuwa amemwogesha baba, akamvalisha shati jeupe lenye kola. Alikuwa amevaa kwa ajili ya tamasha.

Niliweka chai na mandazi mezani, nikatandika kitenge kilekile, nikaweka simu juu yake. Nilitaka kumpeleka moja kwa moja kwenye wimbo. Alikataa. Alisema mtu haingii tamasha kwa dirisha. Kwa hiyo tulisikiliza yote tangu mwanzo, na chai ikapoa. Tarumbeta, alisema, moja iko chini kidogo, labda mwenyewe ana meno mabovu. Kwaya ilipoimba alifumba macho. Na kila mara, karibu zaidi kuliko kwaya, mama wa karanga alikuwa akitafuna na kueleza mambo.

"Huyu ni nani?" baba aliuliza.

"Mama moja wa Kilo. Samahani, papa. Nilimutolea macho, lakini wapi."

"Muache aongee. Iko na sauti nzuri."

Tulipofika pale nilipoulizwa kwa nini sifurahi, baba alicheka mpaka nikafuta mdomo wake. "Ulikaa muzuri," aliniambia. "Makofi yako sikusikia hata moja." Nilifurahi kama mtoto aliyepata kumi juu ya kumi.

Kisha wimbo ukaanza, na baba akaacha kucheka. Nilimtazama usoni. Wa solo, akakubali kwa kichwa. Wa besi, akasema jina lake taratibu pamoja na mwimbaji. Wa ngoma. Akainamia simu. Na mwenye hoteli akaitwa, na mama wa saruji, na mheshimiwa, na baba akabaki ameinama vilevile, kama mtu aliyeinama kuokota kitu na kukuta hakipo. Nilitaka kumwambia angoje, angoje kidogo tu, kinakuja.

Kiti kikakwaruza. Lilikuwa kwaruzo kubwa, la aibu. Baba aliinua jicho moja kunitazama, akalirudisha kwenye simu.

Ndipo tukasikia kitu ambacho mimi sikuwa nimekisikia, kwa sababu wakati ule nilikuwa nacheza kwenda mbele. Mama wa karanga alikuwa ameinamia simu, na sauti yake ilitoka kana kwamba amekaa nasi mezani. Nilinyosha mkono kusogeza mbele. Baba akanizuia kwa wake wa kushoto.

"Ona huyu mama mwenye kununa," alikuwa akimwambia mdogo wake, "kumbe anajua kucheza! Lakini sikia, mudogo yangu. Sikia ile akompa ya leo. Iko na haraka. Inakimbia sawa mutu ananyeshewa. Ule wa zamani hakupigaka vile. Haumukumbuke? Ule mwembamba, wa kofia, alikuwaka nafunga macho. Siku ya ndoa yangu kule Kilo mvua ilianguka, batu bote bakakimbia chini ya turubai, yeye hakuacha. Alipiga tu. Mi nikatoa viatu, nikacheza mu matope na robe yangu yote ya arusi. Batu bananiwaza nilichezaka juu ya solo. Hapana. Ilikuwa juu ya ile mukono yake. Picha za ndoa ziliungua na nyumba, bwana yangu naye walimuua, lakini nikifunga macho, ile mukono bado iko napiga. Jina yake sikujuaka. Sijui kama iko muzima. Mungu abariki tu ile mukono, kwenye iko."

Na palepale, juu ya maneno yake ya mwisho, jina la baba likalipuka kutoka kwenye bafle, mara mbili, na mara ya tatu likavutwa mpaka mwisho. Watu wakapiga mayowe. Sauti ya mama ikauliza: ile jina ni ya nani? Halafu kimya changu, halafu karanga.

Nilimgeukia baba.

"Umesikia, papa? Alikuita."

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha mpaka kwenye jina. Alitikisa kichwa.

"Hapana. Nyuma zaidi. Kwa ule mama."

Nikarudisha. Tulimsikiliza tena kuanzia kununa kwangu mpaka baraka, na jina lilipofika baba alikuwa tayari anainua kidole ili nirudishe tena. Tulisikiliza mara nyingi. Mwisho nilisema tu kwamba jina pia liliitwa vizuri, kwa sauti nzuri, na watu walishangilia.

"Ile ulilipa," alisema, bila ukali wowote. "Nilisikia kiti, mama. Tangu kiti inalia nilijua uko naenda. Asante sana. Ulifanya kazi ya mutoto." Kisha akatazama simu. "Lakini huyu, nani alimulipa?"

Nilikunja uso ili nisilie, halafu nikalia.

"Namukumbuka," baba akaendelea, polepole, kwa sababu maneno marefu yanamchosha. "Kilo. Mvua ilikuwa kali, chef wa orkestra alikuwa tayari anafunga mikro. Mi nikaona bibi arusi anatoa viatu. Nikasema, sasa nitaachaje? Yeye anacheza mu matope, mi nitaachaje? Jina yake na mi sikujuaka. Tulimaliza, tukapanda ku camion ya mizigo, tukaenda." Akavuta pumzi. "Aliwaza mi ndiye sikuacha. Ni yeye hakuacha."

Nje, gari la vipaza sauti lilikuwa linapita likitangaza jambo jingine, na hatukulisikiliza. Baba alinyosha mkono wa kushoto, akakamata ule wa kuume kwenye kifundo, akaunyanyua kutoka mapajani kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala. Niliinuka kumsaidia, akakataa. Aliuvusha taratibu juu ya meza, akausogeza kando ya kikombe, akaulaza juu ya kitenge, kiganja wazi, vidole vikigusa simu.

"Rudisha tena," aliniambia. "Huu bado haujasikia."